Asidi ya Maji katika Tangi la Samaki wa Nyumbani

Uasidi wa maji hupimwa kwa pH, kipimo alichokibuni mkemia wa Denmaki, Søren Sørensen, mwaka 1909. Wakati huo alikuwa katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, akichunguza vimeng'enya, na alihitaji njia nyepesi ya kuandika kiasi cha asidi. Kwa kawaida kipimo huanzia 0 hadi 14. Saba ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali. Kila hatua moja ni mara kumi. Maji ya pH 6 yana asidi mara 10 kuliko maji ya pH 7, na mara 100 kuliko ya pH 8. Anayesema tangi lake limeshuka kidogo tu, kutoka nane hadi sita, anasimulia badiliko kubwa mno, na wa kwanza kulihisi ni samaki, ambaye damu yake imetenganishwa na maji kwa ngozi nyembamba ya matamvua.

Namba ya pH ndiyo mfugaji huitazama zaidi, nayo ndiyo humdanganya zaidi. Nyuma yake kuna kitu kingine, yaani bikabonati zilizoyeyuka majini, ambazo wafugaji huzihesabu kwa digrii za KH. Digrii moja ni sawa na miligramu 17.9 za kalisi kabonati katika lita moja. Asidi ikiingia kwenye maji yenye bikabonati humezwa: hugeuka kuwa maji na hewa ya ukaa, na hewa hiyo hupanda na kutoka. pH hutikisika kidogo tu. Hali huendelea hivyo siku baada ya siku mpaka bikabonati ziishe, na zikiisha pH huporomoka kwa muda mfupi. Ni kama nyumba yenye ghala la nafaka: anayetazama sinia la ugali kila jioni huliona limejaa vilevile, hadi siku ghala linapokwanguliwa sakafu. Kwa hiyo anayetaka kuidhibiti asidi ya tangi lake hupima akiba kwanza, kisha pH. Kuna wafugaji waliojifunza hilo kwa kupoteza samaki, na tangi linalosimuliwa hapa ni la mmoja wao.

Lilikuwa tangi la vioo la lita 120, sebuleni kwenye nyumba moja ya Kigamboni, Dar es Salaam, lenye changarawe ya mtoni, mimea michache na samaki watano wa aina ya gapi, majike watatu na madume wawili. Maji yalitoka kisimani. Ardhi ya pwani ile ina mawe ya matumbawe ya kale, na maji yanayopita humo hubeba chokaa. Ndiyo maji ambayo wenyeji huyaita ya chumvi, yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika na kugoma kutoa povu la sabuni. Yakipimwa papo hapo bombani yalionyesha pH 7. Yakiachwa kwenye ndoo wazi hadi kesho yake yalionyesha 8. Mwenye tangi alidhani kipimo chake kibovu, akanunua kingine. Kipimo kilikuwa kizima. Maji ya ardhini hutoka na hewa ya ukaa nyingi iliyojibana ndani, na hewa hiyo huyafanya yaonekane yana asidi. Ikishatoka, ndipo pH yao ya kweli inapojulikana. KH haikubadilika usiku ule: ilikuwa 14 jioni, na 14 asubuhi.

Gapi hupenda maji ya namna hiyo, kati ya pH 7 na 8, yenye chokaa. Walizaana. Mwaka wa pili walikuwa zaidi ya 60, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwagawa.

Masika ya mwaka huo pampu ya kisima iliharibika. Mvua ilikuwa tele, simtanki la maji ya bati lilijaa kila usiku, na maji yake yalikuwa safi na matamu. Yakaanza kutumika kwenye tangi: kila Jumamosi lita 30 za zamani zilitolewa na lita 30 za mvua zikaingia. Maji safi ya mvua yana pH ya karibu 5.6, kwa sababu ya hewa ya ukaa inayoyeyuka ndani yake yakiwa angani, lakini KH yake ni sifuri. Hayana ghala lolote. Na hesabu ya robo kwa robo haina huruma: anayebadilisha robo ya maji kila wiki, baada ya wiki nane hubaki na sehemu moja tu kati ya kumi ya maji ya mwanzo. KH 14 huwa kama digrii moja na nusu hata kabla ya samaki wenyewe kuanza kula akiba hiyo.

Nao huila. Samaki hutoa amonia kwa matamvua, na mabaki ya chakula yakioza hutoa amonia pia. Katika chujio na changarawe huishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Kazi hiyo ndiyo uhai wa tangi, lakini huzalisha asidi: kwa kila miligramu moja ya naitrojeni ya amonia inayoshughulikiwa, akiba ya takriban miligramu 7 za kalisi kabonati hutumika. Hata tangi lisiloguswa, basi, huelekea kwenye asidi lenyewe. Samaki wakiwa wengi, mwendo huwa wa kasi. Kisha, pH ikishuka chini ya 6.5, bakteria walewale hulegea, na kwenye 6 katika tangi la kawaida kazi yao karibu husimama. Amonia huanza kurundikana.

Kwa macho, tangi lile lilikuwa zuri kuliko wakati wowote. Maji yalikuwa angavu kama kioo. Dalili zilikuwa ndogo: gapi walibana mapezi, mikia haikuchanua, na wachache walikaa juu karibu na mapovu ya pampu ya hewa. Mwezi wa tatu wa mvua matone ya kipimo yaligeuka manjano, rangi ya chini kabisa kwenye kadi, pH 6 au pungufu. Kipimo cha amonia kilionyesha miligramu 4 kwa lita.

Wiki hiyo pampu ya kisima ilitengenezwa. Jioni ileile mwenye tangi alifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye nia njema angelifanya: alitoa nusu nzima ya maji mabovu, akajaza maji ya kisima. Kabla ya kulala alipima na kuona pH imerudi 8, akafurahi. Alfajiri samaki waliokuwa hai walikuwa 11.

Kilichowaua kinastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu kimeua samaki katika nyumba nyingi na lawama zimeangukia chakula, ugonjwa au klorini. Amonia iliyo majini huwa katika sura mbili. Moja ni amonia yenyewe, ambayo hupenya matamvua na ni sumu kali. Nyingine ni amoniamu, yenye chaji ya umeme, ambayo hupenya kwa shida na kudhuru kidogo. pH ndiyo huamua kila sura iwe kiasi gani. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, kwenye pH 6 sura yenye sumu haifiki hata sehemu moja kwa elfu moja. Kwenye pH 7 ni karibu nusu asilimia, kwenye pH 8 ni zaidi ya asilimia 5, na kwenye pH 9 inapita theluthi. Joto nalo huongeza, na sebule ya Dar es Salaam ni ya joto. Ile asidi iliyomtisha mwenye tangi, kumbe ndiyo iliyokuwa imewakinga samaki wasiuawe na uchafu wao wenyewe. Alipobadilisha nusu ya maji, amonia yote ilipungua kutoka miligramu 4 hadi 2 kwa lita, lakini sehemu yenye sumu iliruka kutoka karibu miligramu 0.002 hadi karibu 0.1. Uchafu ulipungua nusu, sumu ikaongezeka karibu mara 50, ndani ya saa chache.

Tangi lililofikia hali hiyo huokolewa kwa mpangilio wa kinyume. Chakula husimamishwa siku mbili tatu. Kisha amonia hupunguzwa kwanza, kwa kubadilisha maji kidogo kidogo na maji yaleyale laini ambayo samaki wameyazoea, lita 20 leo na lita 20 kesho, mpaka kipimo cha amonia kikaribie sifuri. Hapo ndipo akiba huanza kurudishwa, digrii moja ya KH kwa siku au pungufu. Bakteria huamka wenyewe pH inapopanda. Ni kazi ya wiki nzima au zaidi, na hakuna njia ya mkato iliyo salama.

Kurudisha akiba kuna njia ya haraka na njia ya polepole. Ya haraka ni bikabonati ya sodiamu, ile soda ya kuokea inayouzwa dukani kwa pakiti. Gramu 3 katika lita 100 za maji huongeza digrii 1 ya KH. Huyeyushwa kwanza katika jagi la maji ya tangi, ikamiminwa polepole karibu na mkondo wa chujio. Soda ya kuokea isichanganywe na unga wa kuumulia keki: huo umekwisha kutiwa asidi yake na wanga, na ndani ya tangi huharibu maji. Isichanganywe pia na magadi, yanayolainisha maharage na makande. Magadi yana kabonati yenyewe pamoja na bikabonati, na kijiko kimoja hupandisha pH ya tangi kwa kasi ambayo samaki wa kawaida haihimili. Wapo samaki wa magadi, lakini ni viumbe wa aina yao. Katika Ziwa Magadi nchini Kenya anaishi perege mdogo, Alcolapia grahami, kwenye maji ya pH ya karibu 10. Katika maji kama hayo amonia haiwezi kutoka mwilini kwa njia ya kawaida, na samaki huyo huitoa naitrojeni yake kwa umbo la urea, kama afanyavyo binadamu. Ni moja ya maajabu makubwa ya maji ya Afrika Mashariki, na ni aibu kwamba watoto wengi wa eneo hili humaliza shule bila kumsikia.

Njia ya polepole ni makombe. Magamba ya chaza na kome yaliyobaki jikoni, yakichemshwa, kusuguliwa na kuvunjwavunjwa, hutiwa kwenye mfuko wa wavu ndani ya chujio. Kalisi kabonati yake huyeyuka kadiri maji yanavyokuwa na asidi, na maji yakiwa na alkali ya kutosha huacha kuyeyuka. Kwa hiyo hayazidishi. Udhaifu wake ni uvivu: hayamwokoi samaki aliyekwisha kuzidiwa, na baada ya miezi hufunikwa na utelezi, yakahitaji kusuguliwa upya. Kwa anayetegemea maji ya mvua, konzi moja ya makombe iliyowekwa mapema ina thamani kuliko chupa yoyote ya dawa.

Upande wa pili, kuishusha pH, ndiko kwenye majaribio mengi yasiyo na faida. Katika nyumba ileile, mwaka uliofuata, tangi dogo la lita 40 liliwekwa kwa ajili ya neoni, samaki wadogo wenye mstari wa buluu wanaotoka mito ya Amazon. Katika Rio Negro, ambako jamaa zao wa karibu huishi, maji yana rangi ya chai na pH kati ya 4 na 5. Maji ya kisima yalikuwa 8. Ikatumika juisi ya ndimu. Saa moja baadaye pH ilikuwa chini ya 7, na asubuhi ilikuwa imerudi karibu na 8. Ndimu zikaongezwa, pH ikashuka, ikarudi. Kila mara akiba iliimeza asidi, hewa ya ukaa ikatoka, na namba ikapanda tena. Siku ya tano maji yaligeuka meupe kama tui, kwa sababu asidi ya ndimu ni chakula cha bakteria, na bakteria waliositawi ghafla walimaliza oksijeni. Neoni walihamishiwa kwenye ndoo wakihema juu juu. Wangeachwa siku mbili zaidi, KH ingefika mwisho na kipigo kimoja cha ndimu kingeitupa pH chini moja kwa moja. Siki nayo huenda njia hiyohiyo.

Maji magumu hulainishwa kwa kuyachanganya na maji yasiyo na kitu. Hapo mvua, iliyokuwa adui wa tangi la kwanza, inakuwa dawa. KH hufuata hesabu ya moja kwa moja: sehemu moja ya maji ya kisima yenye KH 14 na sehemu tatu za mvua hutoa KH 3 na nusu. pH haifuati hesabu hiyo, ndiyo sababu mchanganyiko huandaliwa ndooni, hupewa hewa usiku kucha, hupimwa asubuhi, kisha ndipo huingia tangini. Mvua za kwanza za msimu huachwa zioshe bati, maana hubeba vumbi na kinyesi cha ndege cha miezi mingi.

KH ikishafika digrii mbili au tatu, majani ya mkungu huanza kufanya kazi. Mkungu uko kila mahali pwani, kutoka Mtwara hadi Lamu, na majani yake makubwa mekundu yanayodondoka huchomwa kama taka. Yakiokotwa makavu na kuoshwa, jani moja au mawili kwa kila lita 50, huachia tanini na asidi hafifu zinazoyapa maji rangi ya chai ya rangi na kuishusha pH taratibu. Baada ya wiki chache huchakaa, yakabadilishwa. Katika maji yenye KH 14 majani hayohayo hutia rangi tu, na pH haishuki. Wengi hukata tamaa nayo bila kujua kwamba kosa halikuwa la jani.

Samaki wengi wa dukani, hata hivyo, hawahitaji haya yote. Gapi, plati na samaki wa dhahabu huishi vizuri katika maji ya kisima ya pwani jinsi yalivyo, na hata neoni waliozaliwa kwenye mabwawa ya wafugaji wamezoea maji ya karibu na 7. pH tulivu ya 7.8 ni afadhali kwa samaki kuliko pH inayopandishwa na kushushwa kila wiki ikitafuta 6.5 ya kwenye kitabu.

Utulivu huo haumaanishi namba isiyotikisika. Mimea ya majini hunyonya hewa ya ukaa mchana, na pH hupanda hadi alasiri. Usiku mimea, samaki na bakteria wote hupumua, na pH hufika chini kabisa kabla ya jua kuchomoza. Katika tangi lenye mimea mingi na KH ndogo, tofauti ya asubuhi na alasiri huwa kubwa. Anayepima leo asubuhi na wiki ijayo jioni atadhani tangi lina ugonjwa. Hupimwa saa ileile, na matokeo huandikwa: tarehe, pH, KH, amonia, maji yaliyotolewa na yaliyoingia. Baada ya ajali ya gapi, daftari la shule la kurasa 40 lilifungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ya tangi. Ukurasa wa pili tu ulionyesha KH ikishuka digrii moja kila wiki tatu huku pH ikiwa palepale. Kama daftari hilo lingekuwapo masika yale, gapi 50 na ushee wangeonekana wakielekea shimoni miezi miwili kabla.

Mvuke nao una habari yake. Maji yanayopotea kwa mvuke huondoka peke yake, chumvi na chokaa hubaki. Anayejazia kwa maji ya kisima kila siku huongeza ugumu polepole, kwa hiyo upungufu wa mvuke hujaziwa kwa maji ya mvua, na maji ya kisima huingia siku ya kubadilisha. Ziwa Tanganyika lilipata maji yake ya pekee kwa njia inayofanana na hiyo. Mto Ruzizi hulipelekea chumvi nyingi kutoka Ziwa Kivu, jua hunywa maji mengi kuliko yale yanayotoka kwa Mto Lukuga, na ziwa likabaki na pH ya karibu 9 pamoja na akiba kubwa ya bikabonati. Samaki wa mawe wa huko, kama Neolamprologus brichardi mwenye mapezi ya nyuzi nyeupe, aliyepewa jina la Pierre Brichard aliyekuwa akisafirisha samaki wa mapambo kutoka Burundi, wamezoea maji hayo kwa maelfu ya vizazi. Kwao kisima cha Kigamboni ni mwanzo mzuri: huongezewa soda ya kuokea na mfuko wa makombe tu.

Tangi la lita 120 ndilo lililowapokea hatimaye, wanane, waliosafiri kutoka Kigoma kwa basi zaidi ya siku nzima ndani ya mfuko wa plastiki wenye oksijeni. Kuwapokea samaki wa safari ndefu kunahitaji kukumbuka kilichowaua gapi. Mfukoni samaki hupumua, hewa ya ukaa hujaa, na pH hushuka, huku amonia ikirundikana katika sura yake isiyodhuru sana. Mfuko ukifunguliwa hewa ya ukaa hutoka, pH hupanda, na amonia ileile hugeuka sumu wakati mwenye tangi bado anadondoshea maji ya tangi tone kwa tone akidhani anawazoesha. Utaratibu wa kudondosha unawafaa samaki waliotoka duka la mtaa wa pili. Hawa wa Kigoma mfuko wao ulielea tangini ukiwa umefungwa kwa dakika 20, joto likalingana, ukafunguliwa, samaki wakakingwa kwa wavu na kuingizwa mara moja kwenye maji yaliyokuwa yameandaliwa wiki mbili kabla, pH 8.6 na KH 16. Maji ya mfuko yalimwagwa nje, kwenye shina la mkungu.